NYUMBA NA RIZIKI
Mgeni Akisita, Mwenyeji Asinyamaze

Juma hili twazungumza na akina mama na akina baba wenye nyumba ndogo za wageni, pamoja na wale wawauziao maziwa, ndizi na vikapu. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mgeni akiogopa kuja, mwenyeji afanyeje?

Nchi yetu ya Uganda imelijua swali hilo kwa uchungu. Tarehe 1 Machi 1999 waasi walivamia Buhoma, penye lango la msitu wa Bwindi, na watalii 8 wakauawa. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, uwanja wa ndege wa Entebbe ulifungiwa abiria tangu Machi hadi Oktoba. Kisha, tarehe 20 Septemba 2022, ikatangazwa kwamba Ebola imeingia Mubende.

Tuutazame mkasa huo wa mwisho. Mubende iko katikati ya nchi. Bwindi iko pembeni kabisa, kusini-magharibi, mpakani na Kongo. Sisi twaujua umbali huo. Lakini mtu aliye ng'ambo ya bahari, asikiapo jina la Uganda pamoja na jina la ugonjwa, huiona nchi nzima kama kijiji kimoja. Asipopata neno la mwenyeji wake, hofu ndiyo itakayomsimulia.

Hoteli kubwa zina fedha za matangazo. Mwenye vyumba vinne hana. Lakini analo daftari la wageni, na daftari hilo ni mali. Awaandikie kwanza waliokwisha kuahidi kuja, kisha waliowahi kulala kwake. Barua iwe fupi, yenye tarehe, nayo ieleze mambo manne: limetokea nini, wapi, serikali imeagiza nini, na nyumbani pake amebadili nini.

Wala asifiche. Ebola ile ilifika hata Kampala, na wageni wengi hupita humo. Mwenyeji mwaminifu alipaswa kulisema hilo, na kueleza kwamba iko pia ndege ndogo ya kutoka Entebbe hadi Kihihi, karibu na Bwindi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na mgeni aliyedanganywa mara moja hatarudi, tena atawaonya wenziwe.

Kuhusu fedha iliyotangulizwa, ni heri kumruhusu mgeni asogeze siku yake kuliko kubishana naye. Mpishi, dereva na mpagazi nao waelezwe habari ile ile, maana mgeni huuliza jikoni kabla ya kuuliza ofisini. Muuza maziwa naye aambiwe mapema kwamba mwezi huu vyumba ni vitupu, asije akabaki na maziwa yaliyoharibika na deni la pumba za ng'ombe.

Mlipuko ule ulitangazwa kwisha tarehe 11 Januari 2023. Hapo ndipo barua ya pili ilipohitajika, na wengi huisahau. Habari ya msiba huenea upesi kwa miguu ya watu wote; habari ya kupona haina wa kuibeba ila mwenye nyumba mwenyewe.

Basi, ndugu msomaji, lifungue daftari lako leo, kungali salama, uyahakikishe majina na anwani. Siku ya mkasa utakosa wasaa wa kuyatafuta.