Uzamili umfuate mwalimu darasani

Mwalimu aliyefundisha darasa la kwanza Kibondo, mkoani Kigoma, kwa miaka kumi na tano anajua mambo yasiyomo kwenye kiongozi cha mwalimu. Anajua kwamba mtoto aliyelelewa kwa Kiha anaweza kusoma sentensi ya Kiswahili kwa sauti bila kukwama, kisha ukimuuliza imesema nini, anainamisha kichwa. Huo ni utafiti wa mitaala na ufundishaji, haujaandikwa tu.

Ndiyo maana tunataka shahada ya uzamili ya fani hiyo imfikie hukohuko aliko. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa 1992, kimeonyesha kwamba mtu anaweza kusoma bila kuacha kazi. Kasulu kuna chuo cha ualimu, na vikao vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) vipo. Mtaala ulioanza kutekelezwa Januari 2024 unahitaji watu wa kuupima, si wa kuupokea tu. Na ni wapi pengine mwalimu atalinganisha mitaala mitatu bila kutoka mkoani? Katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996, watoto wa wakimbizi wamesoma kwa mitaala ya Kongo na Burundi.

Halmashauri zitoe vibali vya masomo bila kuwazungusha watu. Lakini kuna jambo zito zaidi: akishahitimu, mara nyingi mwalimu huyo hutafuta ofisi (hatumlaumu, mshahara ni mshahara). Serikali impe daraja na malipo yanayolingana na shahada yake akiwa bado ameshika chaki.