Walisema Waliona Kuku

Wazee wetu walitufundisha kwamba penye wengi hapaharibiki neno. Walakini liko jambo moja ambalo wengi wetu hulinena kila siku, na kila siku neno lake huharibika, kwa kuwa wanenao hawaulizani. Jambo hilo ni sinema. Vijana hutoka usiku katika kibanda cha picha, na njiani husema, "Ilikuwa nzuri mno," au, "Haikuwa na kitu," kisha huenda kulala. Wazee husikia kwamba vijana walikwenda, nao husema, "Sinema ni uchafu," kisha nao huenda kulala. Wale wameona, wala hawasemi walichokiona. Hawa wanasema, wala hawakuona. Sisi twasema ya kuwa makundi haya mawili yana kosa moja, na kwa ajili ya kosa hilo watu wanaumizwa.

Twaandika haya kwa sababu tuna deni. Katika usharika mmoja tunaoujua, vijana watatu waliondolewa katika kwaya kwa kuwa walionekana wakitoka kibandani Jumamosi usiku. Baraza la wazee halikukaa hata nusu saa. Sisi walimu tuliokuwapo hatukufumbua kinywa. Hakuna mtu hata mmoja aliyewauliza wale vijana, "Mliona nini?" Baadaye wawili walirudi kwaya. Wa tatu hajarudi, wala kanisani haonekani. Je, picha ile ilikuwa mbaya? Hatujui hata leo. Tulitoa hukumu, na kesi yenyewe hatukuisikiliza.

Kosa la kutouliza, au la kuuliza huku masikio yamezibwa, si geni. Kiko kisa kilichosimuliwa na John Wilson wa Chuo Kikuu cha London, naye mwalimu wa Kanada, Marshall McLuhan, akakitia katika kitabu chake cha mwaka 1962. Tangu hapo kimezunguka dunia nzima. Bwana afya mmoja alitengeneza picha ya sinema kwa ajili ya watu wa kijiji cha Afrika, ili wajifunze kuondoa maji yaliyotuama karibu na nyumba zao. Picha ilikwenda polepole kwa makusudi: madimbwi yakikaushwa, makopo matupu yakiokotwa na kuwekwa mbali. Yote yalikuwa kama dakika tano. Ilipokwisha, watu kama 30 walioitazama wakaulizwa, "Mmeona nini?" Wakajibu, "Tumeona kuku." Wenye picha wakashangaa sana, maana wao wenyewe hawakujua kwamba mna kuku ndani yake. Wakaichunguza upya kipande kwa kipande, na kweli wakamwona: kuku aliyeshtuliwa, akaruka, akapita chini upande wa kulia kwa muda wa sekunde moja hivi, akatoweka.

Kisa hiki kimesemwa mara nyingi ili kuonyesha kwamba mtu wa kijijini hajui kutazama. Sisi twakisoma kinyume. Watu wale waliulizwa waliona nini, wakajibu kweli tupu. Kuku alikuwapo. Waliotengeneza picha hawakumwona. Waliomwona ni wale wanaoambiwa hawana macho. Tena walipoulizwa zaidi, walisema ya kuwa mtu yule naye walimwona. Kwa hiyo habari walikuwa nayo. Kilichokosekana ni swali la pili. Ni kweli kwamba hawakuyaunga waliyoyaona yakawa hadithi moja, na somo la maji halikuwafikia sawasawa. Lakini somo lisipofika, aliyeshindwa ni mwanafunzi au mwalimu? Sisi walimu twajua jibu lake, ingawa hatupendi kulitaja.

Katika siku za ukoloni wako waliojenga sheria nzima juu ya dhana hiyo. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda kikosi cha kutengeneza sinema kwa ajili ya makoloni yake, nacho kilidumu hata mwaka 1955. Mkuu wake, William Sellers, aliyekuwa amefanya kazi ya afya Nigeria, alifundisha kwamba picha za kuwaonyesha Waafrika ziende polepole, ziwe nyepesi, zisitumie ufundi wa kukata na kuruka kutoka jambo hata jambo. Leo kila mtu aona jinsi neno hilo lilivyoanguka. Mtoto wa kijijini hufuata picha ya India au ya China iliyokatwa mara elfu, wala hapotei. Macho hayakuwa na upungufu; yalikuwa hayajazoea tu, kama mtu asiyezoea kusoma anavyofuata mstari kwa kidole. Tena Wazungu nao walianza hivyo hivyo. Ndugu wawili wa Ufaransa, Auguste na Louis Lumière, walionyesha picha zao mbele ya watu waliolipa kiingilio huko Paris tarehe 28 Desemba 1895, na baadaye ikavuma habari kwamba picha yao ya gari la moshi iliwafanya watazamaji kukimbia. Wataalamu walioichunguza habari hiyo hawakuona ushahidi wa kutosha. Tazameni basi: hata huko, mtazamaji alizushiwa ujinga, na watu wakausadiki bila kuuliza.

Sasa twageuka kwa wazee wetu wapenzi, nao watuwie radhi. Ninyi mwasema sinema ni mambo ya dunia, haina sehemu katika nyumba ya Mungu. Yafaa mjue historia yake katika nchi hii. Mnamo mwaka 1935 kazi ya kutengeneza sinema za mafundisho ilianzishwa Vugiri, katika milima ya Usambara, nayo ilidumu hata mwaka 1937. Jambo hilo lilitoka katika Baraza la Kimataifa la Misheni, kwa shauri la J. Merle Davis, na fedha nyingi zilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani. Kazi yenyewe iliongozwa na Meja Notcutt pamoja na Bwana Latham. Picha kama 35 zilitengenezwa, walioigiza wengi wao Waafrika, na maneno yakatiwa katika sahani za santuri kwa lugha za watu, Kiswahili kikiwamo. Kisha gari likachukua mtambo na kuzunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mafundisho yake mengine twaweza kuyapinga, kwa kuwa yalikuwa ya watawala kwa watawaliwa. Lakini mtu asiseme kwamba sinema iliingia vijijini kwa mlango wa shetani peke yake. Mlango mmojawapo ulifunguliwa na misheni.

Wala hatuna haja ya kurudi mbali hivyo. Ni usharika gani usiojua picha ya Yesu iliyotolewa mwaka 1979, iliyofuata Injili ya Luka, ambayo imetafsiriwa katika lugha zaidi ya 2,000? Shuka hutundikwa uwanjani, na kijiji kizima hukaa chini, na wazee ndio wa kwanza kuleta viti. Hatuwalaumu. Twauliza tu: ikiwa sinema yenyewe ni uchafu, mbona hii mwaipokea? Na ikiwa hii mwaipokea kwa kuwa mmeitazama na kuipima, mbona zile nyingine hamzipimi? Tena hata hii yataka kupimwa. Uso ule uonekanao ni wa Brian Deacon, mwigizaji Mwingereza. Luka hakueleza umbo la uso wa Bwana. Tumewasikia watoto wakisema kwamba katika sala humwona Yesu kwa uso ule. Ni nani aliyekaa nao baada ya picha na kuwaeleza kwamba yule ni mtu aliyeajiriwa kuigiza? Mkristo aliyeitazama picha ile bila kuuliza kitu, na mzee aliyeikataa nyingine bila kuuliza kitu, ni ndugu wa tumbo moja.

Na ninyi vijana msishangilie, kwa kuwa zamu yenu imefika. Kusema "ni nzuri" si kutoa shauri. Ni kupiga mwayo. Wale waliosema wameona kuku walisema zaidi kuliko ninyi, maana walitaja kitu. Twatoa mfano. Mwaka 1980 Jamie Uys wa Afrika Kusini alitoa picha iitwayo *The Gods Must Be Crazy*, na wengi wenu mmeicheka hata machozi. Chupa ya Coca-Cola yaanguka kutoka ndege katika nchi ya Wasan, yaleta ugomvi, na mtu mmoja afunga safari aende kuitupa mwisho wa dunia. Picha yawaonyesha Wasan kama watu wasiojua lolote la ulimwengu wa nje, wasio na shida wala taabu. Lakini mwaka ule ule John Marshall, Mmarekani, alitoa picha nyingine ya Wasan wa Tsumkwe, Namibia. Mle twawaona wamekusanywa katika makao ya serikali, maradhi na ugomvi viko kati yao, na vijana wao wakiandikwa katika jeshi la Afrika Kusini. Tena twaona vipande vya picha ya kuchekesha vikitengenezwa papo hapo. Hatusemi msicheke. Aliyeigiza mtu yule, Nǃxau, alikuwa na kipawa cha kweli. Twasema mtu akisha kucheka na aulize: aliyenichekesha amenificha nini? Watu hawa, kama wangekaa karibu nami kibandani, wangecheka nami?

Pia mkumbuke kwamba katika vibanda vyetu vingi mwasikia sauti mbili. Iko sauti ya picha, na iko sauti ya mtafsiri aisemeaye kwa Kiswahili. Mtafsiri hodari huongeza mzaha, huongeza methali, humpa shujaa jina la hapa kwetu, na pengine huongeza shauri lake mwenyewe juu ya wanawake, au juu ya serikali, au juu ya dini. Hilo si kosa; wasimulizi wetu wa hadithi walifanya hivyo tangu zamani. Lakini asubuhi mwabishana juu ya neno la picha, kumbe ni neno la mtafsiri. Mtu asiyeweza kuzitenga sauti hizi mbili huchukuliwa na yoyote aliye na kipaza sauti.

Najua mtu atainuka na kusema, "Walimu, je, hakuna picha zisizofaa?" Zipo, nyingi. Ziko picha za kumwaga damu kama maji, ziko picha za kumdhalilisha mwanamke, nasi hatumtetei mwenye kibanda aingizaye watoto wadogo usiku kwa ajili ya sarafu. Lakini picha isiyofaa itajulikanaje? Haitajulikana kwa uvumi. Itajulikana kwa mtu aliyeiona, awezaye kusema, "Niliona hiki, na hiki ni kibaya kwa sababu hii." Mtume Paulo mwenyewe alipohubiri Beroya, wenyeji hawakumpokea kwa kuwa ni mtume tu, walichunguza Maandiko kila siku waone kama asemayo ni kweli, na Luka awasifu kwa ajili hiyo. Ikiwa mahubiri ya Paulo yalichunguzwa, picha ya mfanyabiashara wa mbali itapitaje bila kuchunguzwa? Na ikiwa Paulo hakuwakasirikia Waberoya, mbona sisi twawakasirikia vijana wakituuliza?

Basi twaomba jambo moja, nalo halihitaji fedha. Picha ikionyeshwa kijijini, iwe uwanjani au kibandani au katika simu ya mkononi, watu wasitawanyike kabla ya kusemezana. Aanze aliye mdogo, ili asije akafuata maneno ya wakubwa wake. Kila mmoja ataje kwanza kitu alichokiona kwa macho yake, hata kiwe kuku, wala mtu asimcheke. Kisha ndipo aseme kama kilikuwa chema au kiovu, na sababu yake. Mzee atakayetaka kuhukumu na aje aketi pamoja nao. Asiyeweza kuja na anyamaze, au aulize. Kuuliza si ujinga.

Macho hayana pazia, ndugu. Hatuwezi kuwafunga watu wasione. Twaweza kuwafundisha kusema waliyoyaona, na sisi wenyewe kujifunza kuyasikiliza. Yule kijana wa tatu bado yupo kijijini, nyumba yake twaijua, na miguu tunayo. Tumeazimia kumwendea. Hatutakwenda na hukumu mpya mkononi; tutakwenda na swali tulilopaswa kumwuliza siku ile.