Gari Likigonga, Simama

Huenda huna gari. Lakini utapanda gari kupeleka maharage Karatu, au kumpeleka mgonjwa hospitali. Kwa hiyo jambo hili ni lako pia.

Tuseme mnarudi Qurus kutoka Mto wa Mbu. Gari linapanda mlima. Ndani ya injini mnasikia ko-ko-ko. Dereva anasema, "Limezoea hilo." Anaongeza sauti ya redio. Mimi nasema dereva huyo anakosea. Mwambie asimame. Usione haya, umelipa nauli.

Kwanza aangalie oili. Gari lisimame mahali tambarare, injini izimwe, msubiri dakika chache. Dereva avute kijiti cha kupimia oili, akifute, akirudishe, akivute tena. Kijiti kina alama mbili. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, gari lisiendelee mpaka iongezwe. Vyuma vikisuguana bila oili hulika upesi. Injini inaweza kufa kwa mwendo mfupi tu, na kuitengeneza ni kuuza ng'ombe.

Kama oili inatosha, sikilizeni mlio. Mlio mwepesi unaotoka juu mara nyingi ni wa valvu. Gari linaweza kwenda polepole kwa fundi. Mlio mzito unaotoka chini, unaozidi dereva akikanyaga mafuta, mara nyingi ni wa beringi zilizolika. Hapo injini izimwe, gari livutwe. Oili mpya haiponyi beringi iliyolika.

Gari la petroli lina mlio mwingine, kama changarawe ndani ya debe. Husikika mlimani, likiwa na mzigo. Petroli inawaka vibaya. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huleta mlio huo. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuzuia uchanganyaji wa namna hiyo. Dereva aweke gia ndogo, asikanyage sana. Injini ya dizeli hugonga kidogo siku zote. Hiyo itieni mashaka mlio wake ukibadilika.

Wengine husema fundi atajua mwenyewe. Fundi hakuwa safarini. Wewe ulikuwamo. Chukua kalamu, umwandikie dereva karatasi ampe fundi: lilianza lini, mlimani au tambarare, injini ikiwa baridi au moto, na lilibeba magunia mangapi.