Mficha Maradhi Kifo Humuumbua: Funzo kwa Maharusi kutoka kwa Osinachi



Wiki hii tunaweka kando singo, hina na magauni. Tunataka kuzungumza juu ya mwanamke ambaye hakuwa wa dini yetu wala wa visiwa vyetu, lakini habari yake inatuhusu kuliko rangi ya mapambo ya ukumbi.

Osinachi Nwachukwu alikuwa muimbaji wa nyimbo za Injili nchini Nigeria. Alikuwa muumini wa kanisa la Dunamis mjini Abuja, na sauti yake ilijulikana Afrika nzima kupitia wimbo wa Ekwueme aliouimba pamoja na Prospa Ochimana mwaka 2017. Jina hilo ni la Kiigbo, kwa maana ya yule ambaye akisema hutenda. Mamilioni ya watu wameutazama wimbo huo kwenye mtandao. Akipanda jukwaani, watu walilia.

Tarehe 8 Aprili 2022 alifariki hospitalini Abuja akiwa na miaka 42, akaacha watoto wanne. Habari za mwanzo zilisema ni saratani ya koo. Haikupita muda ndugu na marafiki wakaanza kusema mengine: kwamba kwa miaka mingi alikuwa akipigwa na mumewe. Mume alikamatwa, akashitakiwa, na miongoni mwa waliotoa ushahidi mahakamani walikuwemo watoto wa marehemu. Tarehe 28 Aprili 2025, Mahakama Kuu ya Abuja ilimtia hatiani kwa kifo cha mkewe na kumhukumu adhabu ya kunyongwa.

Ndugu zake walieleza kuwa walimtaka aondoke. Yeye alibaki, akiamini kwamba ndoa haivunjwi na kwamba kwa maombi mume angebadilika.

Sasa tujiulize sisi, bila ya kumnyooshea mtu kidole. Osinachi aliuona mlango kuwa umefungwa. Sisi Mwenyezi Mungu ametufungulia, na bado tunaufunga wenyewe kwa ndimi zetu. Ni mara ngapi mwari anarudi kwao na jicho limevimba, akaambiwa arudi, ndoa ni subira? Ni mara ngapi tumesikia kuwa mwanamke mwema hatoi siri ya chumbani, na kuwa mama zetu walivumilia zaidi ya hayo?

Subira ni ibada, hilo halina ubishi. Tunasubiri mume akikosa kazi, akiumwa, mtoto akichelewa kuja. Lakini kumsubiri mtu amalize kukupiga hakumo humo. Surat An-Nisaa, aya ya 19, inawaamrisha waume kukaa na wake zao kwa wema, na aya ya 35 inaelekeza kuwekwa mwamuzi kutoka upande wa mume na mwengine kutoka upande wa mke pale mfarakano unapohofiwa. Maana yake jambo la ndani linatoka nje, linafika kwa wazee wa pande mbili. Na Bibi Aisha, Mungu amridhie, amesimulia kuwa Mtume, rehma na amani ziwe juu yake, hakuwahi kumpiga mwanamke kwa mkono wake. Anayetafuta mfano wa mume, huo hapo.

Tunajua wapo watakaosema kuwa maneno haya yatavunja majumba, na kuwa talaka tayari zimezidi visiwani. Hofu hiyo tunaielewa, na sisi pia hatupendi kuona mtoto wa kike anarudi kwao kwa jambo dogo. Ila nyumba inayosimama kwa sababu mtu mmoja anapigwa kimya kimya, ishavunjika zamani. Mke wa Thabit bin Qays alipomwendea Mtume kutaka kuachana na mumewe, hakumlaumu kwa dini yake wala tabia yake. Hakuambiwa akasubiri. Alirudisha shamba alilopewa mahari, na ndoa ikaisha. Ikiwa huyo alisikilizwa, vipi anayepigwa?

Basi tuanze mapema, kabla ya mahari kupokelewa. Fatima bint Qays alipoposwa na watu wawili, Mtume alimwambia wazi kuwa mmoja ni mkali kwa wanawake na mwengine hana mali, akamshauri aolewe na Usama bin Zayd. Kumsema mposaji kwa ukweli, pale unapoulizwa, si kusengenya. Kwa hiyo mawalii, msiulize kazi na kabila tu. Ulizeni akikasirika anakuwaje. Kama alishaoa, ulizeni ile ndoa iliishaje. Ulizeni jirani, na watu anaosali nao. Na wewe biharusi, ukiona katika uchumba anakufokea au anakuchagulia nani wa kuzungumza naye, usijiambie kuwa ni wivu wa mapenzi.

Kwenu masomo na makungwi, ombi letu ni moja. Mnamfundisha mwari kupika, kujifukiza na kumpokea mume. Muongezeeni na hili: akipigwa aende wapi. Mwambieni asikae na siri hiyo peke yake. Amwambie walii wake, au mtu mzima anayemuamini. Kwenye vituo vya polisi kuna dawati la jinsia na watoto, na hospitali ya Mnazi Mmoja kuna kituo cha mkono kwa mkono, anapopata daktari, polisi na ushauri pahala pamoja. Na Mahakama ya Kadhi haikuwekwa kwa ajili ya mirathi tu.

Na kina mama, semeni maneno haya kabla binti hajatoka: mlango wa kwetu uko wazi. Hatasikia kuwa mnamuombea talaka. Atasikia kuwa ana pa kurudi, na mume naye atajua kuwa mkewe ana watu.

Osinachi alikuwa na jina, sauti, na watu maelfu waliomshangilia. Havikumkinga. Waliokuwa karibu yake ndio waliohitajika, na waliokuwa karibu ya binti zetu ni sisi.

Mwenyezi Mungu awape maharusi wetu waume wenye huruma, awafariji watoto wanne wa marehemu, na atupe sisi masikio ya kusikia kabla ya msiba. Amin.