Mawenzi ya Toronto na Pengo katika Fasihi ya Kiswahili

Mjini Toronto, nchini Kanada, pana shirika dogo la uchapishaji liitwalo Mawenzi House. Jina hilo ni la kilele cha pili cha Mlima Kilimanjaro, kile chenye majabali ambacho wengi hukisahau kwa sababu ya Kibo. Waasisi wake ni M. G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kulelewa Dar es Salaam, na Nurjehan Aziz. Walianza mapema katika miaka ya 1980 kwa jarida la fasihi ya watu wenye asili ya Asia ya Kusini waishio ughaibuni, wakaingia katika vitabu kwa jina la TSAR, na hatimaye wakajiita Mawenzi. Vitabu vya aina hiyo havimtajirishi mtu. Ruzuku ya mabaraza ya sanaa ya Kanada imechangia pakubwa kuviweka hai.

Swali linalopaswa kumkera mwanafunzi wa Kiswahili ni hili: kwa nini jina la mlima wetu limelazimika kwenda Toronto ili kuzihifadhi hadithi za watu wa Kampala, Nairobi na Dar es Salaam?

Mfano wa Peter Nazareth, Mgoa wa Uganda, unatosha. Riwaya yake ya kwanza, In a Brown Mantle, ilitolewa Nairobi mwaka 1972 na East African Literature Bureau. Agosti ya mwaka huohuo Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na shirika lile la uchapishaji likasambaratika pamoja nayo. Nazareth alipoandika kuhusu kufukuzwa kule katika The General Is Up, kitabu kilichapishwa Calcutta mwaka 1984, kisha kikachapishwa upya na TSAR mwaka 1991. Watu walihama, na vitabu vyao vikawafuata.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya idara ya Kiingereza. Hoja hiyo ni dhaifu. Katika The Gunny Sack (1989) ya Vassanji, ukoo mzima unaosimuliwa unaanzia kwa Dhanji Govindji, mhamiaji kutoka Bara Hindi, na Bibi Taratibu, mwanamke Mwafrika aliyekuwa mtumwa. Je, wawili hao walizungumza lugha gani ndani ya nyumba yao? Kiingereza cha riwaya hiyo ni vazi tu. Mazungumzo mengi yaliyomo, sokoni, jikoni na dukani, kiuhalisia ni ya Kiswahili. Hata gunia lililobeba jina la kitabu ni neno ambalo Kiswahili na Kiingereza vililichota katika kisima kimoja cha Kihindi, kama vile Kiswahili kilivyolichota duka, gari na laki. Msamiati wa Wahindi tumeupokea bila kinyongo na kuuingiza katika kamusi. Tatizo ni simulizi zao. Katika kazi nyingi za Kiswahili, Mhindi husimama nyuma ya kaunta, huharibu sarufi ili watu wacheke, kisha hutoweka. Hatumjui mkewe wala hofu yake.

Ni kweli kwamba utengano ulikuwepo, na baadhi ya Waasia waliutaka. Lakini waandishi hawa wenyewe ndio walioufichua utengano huo kwa ukali zaidi kuliko wakosoaji wa nje. Mwaka 2017 serikali ya Kenya iliwatambua Waasia kuwa kabila la 44. Gazeti la serikali linaweza kutangaza kabila kwa siku moja; kulisoma kabila hilo ni kazi nyingine. Jarida la AwaaZ la Nairobi, la Zarina Patel na Zahid Rajan, limeifanya sehemu ya kazi hiyo, tena kwa jina lenye maana ya “sauti”, ila limeifanya kwa Kiingereza. Wachapishaji wetu wakubwa nao hutazama vitabu vya shule na orodha ya vitabu teule. Hawalaumiki sana, kwa kuwa hapo ndipo mkate wao ulipo. Ndiyo maana panahitajika chombo kisichoongozwa na faida.

Tafsiri inawezekana. Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, ilitolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, baada ya Nobeli ya 2021, ilhali riwaya yenyewe ilikuwa imetimiza miaka 28. Vassanji hana Nobeli, na haifai kuingoja.

Mahali pa kuanzia pasiwe Nairobi pekee. Chuo kilichoko Nchiru kiko kilomita 15 hivi kutoka mji wa Meru, na Kiswahili chake kinaishi bega kwa bega na Kimeru. Ni mahali pazuri pa kuuliza fasihi ya Kiswahili ni ya nani. Idara za Kiswahili huruhusu tasnifu za tafsiri na uhakiki wake. Wanafunzi watatu wakigawana hadithi za Uhuru Street za Vassanji, wakasimamiwa na mhadhiri mmoja mkali wa sarufi, mswada utakuwepo katika mwaka mmoja. Idhini ya mwandishi na mchapishaji iombwe mapema, kabla ya kutafsiri ukurasa wa kwanza, na chama cha wanafunzi kitafute fedha za nakala mia chache.