Kabla Riadha Haijahamishwa Tena

Tarehe 18 Septemba 2021, uwanjani Kasarani, Mmarekani Trayvon Bromell alimaliza mbio za mita 100 kwa sekunde 9.76, na Mkenya Ferdinand Omanyala akamfuata unyounyo kwa 9.77. Rekodi ya Afrika ikavunjwa jijini Nairobi. Justin Gatlin, bingwa wa Olimpiki wa 2004, alishika nafasi ya tatu na hakuwa karibu nao. Mwaka uliofuata, mwezi Mei, Omanyala alirudi kwenye njia ileile na kumshinda Fred Kerley kwa sekunde 9.85.

Tarehe 30 Agosti 2025 uwanja huohuo ukapokea fainali ya CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani: Morocco 3, Madagascar 2. Nyasi zilikuwa mpya, taa mpya, na Afrika nzima ilikuwa inatazama. Miezi mitatu kabla ya hapo, tarehe 31 Mei, mashindano ya Kip Keino Classic, yaleyale yaliyompa Omanyala rekodi yake, yalifanyika katika uwanja wa Ulinzi Sports Complex, Lang'ata. Kasarani na Nyayo, viwanja viwili vya taifa vya Nairobi, vilikuwa mikononi mwa mafundi kwa ajili ya soka. Riadha, mchezo ulioipa Kenya jina duniani kuliko mwingine wowote, ilifungasha na kupisha.

Toleo hili linahusu viwanja vya taifa na nani mwenye haki navyo. Msimamo wake ni huu: nchi zetu zinaweza kabisa kuendesha soka, riadha na raga katika uwanja mmoja, na hazina sababu ya kuona haya kwa kufanya hivyo. Kinachokosekana ni makubaliano yaliyoandikwa, yenye tarehe na bei, yanayombana mkubwa kama yanavyombana mdogo. Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) la 2027 linakuja Kenya, Uganda na Tanzania, na makubaliano hayo yasipowekwa sasa, yatawekwa na anayepiga kelele zaidi.

Viwanja vyenyewe vilijengwa vikiwa vya pamoja tangu siku ya kwanza. Nyayo ulifunguliwa 1983. Kasarani ukaja kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, Namboole wa Uganda 1997, na ule wa Dar es Salaam, unaoitwa leo Benjamin Mkapa, 2007. Vyote vinne vina njia ya kukimbilia inayozunguka nyasi. Serikali zilijua haziwezi kuujengea kila mchezo jumba lake, zikajenga moja la wote. Uamuzi ule ulikuwa wa busara, na bado ni wa busara.

Watu wa soka wana malalamiko yao, na yanastahili kupimwa kwa mita. Njia ya riadha ya kawaida ya mita 400 ina pande mbili zilizonyooka zenye urefu wa mita 84.39, na nusu duara mbili zenye nusukipenyo cha mita 36.50. Chora ndani yake uwanja wa soka wa mita 105 kwa 68. Unaingia, lakini kwa kubanana: kibendera cha kona kinabaki na kama mita moja tu kufika ukingo wa njia. Nyuma ya goli hali inageuka. Kuna mita 26 za nafasi, kisha njia nane za kukimbilia zenye upana wa mita 1.22 kila moja, kwa hiyo shabiki wa mstari wa mbele yuko mita 36 au zaidi kutoka kwa kipa wake. Anaimba, na sauti inamfikia kipa ikiwa imechoka.

Raga inabanwa zaidi. Uwanja wake wa mita 100 kwa 70, ukiongezewa eneo la kufungia la mita 6 tu kila mwisho, pembe zake zinavuka ukingo na kukalia tartani. Ili uingie ni lazima upunguzwe hadi karibu na vipimo vya chini kabisa ambavyo sheria zinaruhusu. Hata hivyo Safari Sevens, iliyoanza 1996 katika uwanja wa RFUEA, Barabara ya Ngong, ilikwenda Nyayo na Kasarani kutafuta viti vingi, na ikachezwa.

Halafu kuna nyasi. Nyundo ya wanaume ina uzito wa kilo 7.26, na inapotua baada ya kuruka mita 70 huacha shimo ambalo beki anaweza kuteguka mguu ndani yake. Visahani na mikuki navyo vinatua palepale. Skramu ya raga, washambuliaji wanane wakisukumana na wanane, hung'oa nyasi kwa mizizi. Haya yote ni kweli, na ndiyo hoja inayotumiwa kila mara riadha na raga zinapoonyeshwa mlango.

Lakini ni nani aliyeharibu nyasi za Mkapa? Machi 2025 Shirikisho la Soka la Afrika, CAF, liliufungia uwanja ule kwa sababu ya ubovu wa eneo la kuchezea, wiki chache kabla klabu ya Simba haijamkaribisha Al Masry wa Misri katika robo fainali ya Kombe la Shirikisho. Ulirekebishwa, ukafunguliwa, mechi ikachezwa na Simba wakapita kwa penalti. Mei mwaka huohuo, mechi ya marudiano ya fainali dhidi ya RS Berkane ya Morocco ikaondolewa Dar es Salaam na kupelekwa Amaan, Zanzibar, kwa sababu nyasi za Mkapa zilikuwa zimeshindwa tena. Simba ilicheza fainali yake kubwa kuliko zote za miaka ya karibuni ikiwa imevuka bahari, na wakazi wa Temeke wanaoishi hatua chache kutoka uwanjani wakaitazama kwenye runinga. Hakuna mrusha nyundo wa kulaumiwa hapo, wala skramu. Uwanja ule umetumika zaidi kwa soka, na ni soka iliyozidi, pamoja na mvua na matunzo yasiyotosha, iliyouangusha.

Kenya nayo ilikosa uwanja uliokubalika na CAF hadi timu ya taifa, Harambee Stars, wakaenda Malawi, Juni 2024, kucheza mechi zao za nyumbani na Burundi na Côte d'Ivoire. Uganda kabla yake ilizunguka nje ya nchi. Katika visa hivi vyote tatizo lilikuwa matunzo. Mchezo wa pili uwanjani unatafutiwa lawama tu kwa kuwa ni rahisi kumfukuza mpangaji kuliko kuajiri bwana nyasi na kumlipa.

Wazungu hawajalimaliza jambo hili pia. London, uwanja wa Olimpiki wa 2012 ulipokabidhiwa West Ham mwaka 2016, ulihitaji viti vya kusogezwa ili riadha ipate nafasi majira ya joto. Makadirio ya awali ya kuvisogeza yalikuwa pauni 300,000 kwa mwaka. Gharama halisi ikapanda hadi kufikia pauni milioni 8. Klabu ilikuwa imetia saini mkataba wa miaka 99 kwa kodi ya mwanzo ya pauni milioni 2.5 kwa mwaka, kwa hiyo pengo likaangukia mfuko wa umma. Paris walilifikiria kabla ya kumwaga zege: Stade de France, uliofunguliwa 1998, una jukwaa la chini la viti 25,000 linalorudi nyuma mita 15 na kuifunua njia ya riadha. Soka, raga na riadha wamekaa humo tangu mwanzo, na katika Olimpiki ya 2024 raga na riadha zilifanyika humo.

Mashine za Paris ni ghali, na hazitakuja Kasarani kesho. Somo linalotufaa zaidi liko Dublin, Ireland, na halikuhitaji mashine hata moja.

Croke Park ni mali ya chama cha GAA, kilichoundwa 1884 kulinda michezo ya jadi ya Waayalandi: hurling, inayochezwa kwa magongo, na mpira wa Kigaeli. Kwa miongo mingi mwanachama aliyecheza au hata kuhudhuria soka au raga, michezo ya Waingereza, alifukuzwa. Katazo hilo liliondolewa 1971. Kilichobaki ni kanuni ya 42, iliyofunga milango ya viwanja vya GAA kwa michezo hiyo. Na chuki ile ilikuwa na kaburi lake. Tarehe 21 Novemba 1920 askari wa Kiingereza waliingia Croke Park mechi ikiendelea na kufyatua risasi. Watu 14 walikufa, miongoni mwao mchezaji wa Tipperary, Michael Hogan. Jukwaa moja la uwanja lina jina lake hadi leo.

Uwanja wa raga na soka wa Lansdowne Road ulipohitaji kubomolewa na kujengwa upya, Ireland haikuwa na uwanja mwingine mkubwa isipokuwa Croke Park unaochukua watu zaidi ya 82,000. Mjadala ulichukua miaka. Mwaka 2001 hoja ya kulegeza kanuni ilipata kura 176 dhidi ya 89, pungufu ya theluthi mbili kwa kura moja. Tarehe 16 Aprili 2005, chini ya rais wa chama Seán Kelly, wajumbe walipiga kura tena: 227 dhidi ya 97. Theluthi mbili ilikuwa 216. Taifa zima likapata uwanja kwa ziada ya kura 11.

Yafaa kuangalia kwa makini walichokubaliana. Ruhusa ilikuwa ya muda, kwa kipindi cha ujenzi wa Lansdowne Road tu. GAA ilibaki na uwanja wake na ratiba yake. Wageni walilipa kodi na kupewa siku zilizobaki. Taa ziliwekwa, na zikawashwa kwanza kwa mechi ya Kigaeli. Mlima wa mashabiki wanaosimama, Hill 16, ukatafutiwa viti vya muda kwa sababu soka ya kimataifa haikuruhusu kusimama. Kila mmoja alijua anapata nini, analipa nini na anaondoka lini.

Raga iliingia tarehe 11 Februari 2007, Ireland ikafungwa na Ufaransa 20 kwa 17 dakika za mwisho. Wiki mbili baadaye ikaja Uingereza. Wimbo wa taifa wa Waingereza ukapigwa pale alipouawa Hogan, na umati ukasimama kwa heshima hadi mwisho. Ireland ikashinda 43 kwa 13. Mwezi uliofuata soka ikaanza kwa ushindi wa 1 kwa 0 dhidi ya Wales. Mwaka 2010 uwanja mpya ulipofunguliwa, wapangaji wakarudi kwao kama mkataba ulivyosema. Hurling haikufa. Mwaka 2025 Croke Park ulipokea hata mechi ya ligi ya NFL ya Marekani, na fainali za Kigaeli zikaendelea kujaza watu kila mwaka.

Waayalandi walikuwa na damu kati yao na wakaandikiana. Sisi hatuna damu. Tuna kalenda tu, na imetushinda.

Sababu inaeleweka. Viwanja vyetu ni vya serikali, na soka, riadha na raga wote ni wageni. Vinakuwa kama nyumba ya urithi isiyogawanywa: kila ndugu ana chumba, na hakuna anayeziba paa. Shirikisho lenye nguvu zaidi serikalini au mlezi mkubwa zaidi nje ya nchi, yaani CAF, hupata anachotaka, na wengine hupata taarifa.

Hoja kwamba soka ndiyo inayojaza viti ina uzito. Hakuna tukio la riadha litakalofikia watani wa jadi, Simba na Yanga, pale Mkapa. Ila wanaosema Wakenya hawaendi kutazama mbio wakumbuke Julai 2017, mashindano ya dunia ya vijana chini ya miaka 18, Kasarani ilipofurika siku ya mwisho. Nairobi iliomba kuandaa mashindano ya dunia ya wakubwa ya 2025, na Tokyo ikachaguliwa. Huko Tokyo, Septemba 2025, Mtanzania Alphonce Simbu akashinda marathoni kwa saa 2:09:48, muda sawa na Mjerumani Amanal Petros aliyekuwa wa pili. Jiji linalotaka kuomba tena haliwezi kufika mezani likiwa na njia ya riadha inayofunikwa kila soka inapohitaji nafasi.

Mwaka 2027 hatari ni ya wazi. AFCON imepangwa katikati ya mwaka, na mashindano ya dunia ya riadha yatakuwa Beijing mwezi Septemba. Wakati timu za soka zitakapokuwa zimekalia viwanja, wakimbiaji watahitaji mahali pa kuchujwa. Uwanja wa watu 60,000 wa Talanta, Nairobi, umechorwa kwanza kwa ajili ya soka, na hilo ni jambo jema ikiwa litaiondolea Kasarani mzigo. Lisiwe kisingizio cha kusema soka imepata kwake na bado ichukue kwa wengine.

Jarida hili linaomba mambo machache, na linaomba yaandikwe. Mamlaka za viwanja katika nchi zote tatu zitangaze mwaka mzima kabla ni wiki zipi ni za riadha na zipi za raga, na wiki hizo zisiguswe bila fidia. Anayemhamisha mwenzake amlipie na amtafutie njia iliyoidhinishwa kimataifa. Sehemu ya mapato ya kila mechi kubwa ya soka iende moja kwa moja kwa nyasi na tartani, ikisimamiwa na mtu mwenye jina na mshahara, badala ya kuingia mfuko mkuu na kupotelea humo. Na bajeti ya AFCON iwe na fungu la kuweka tartani mpya Kasarani, Nyayo, Namboole na Mkapa baada ya malori, majukwaa ya muda na kamera kuondoka, likamilike kabla wanariadha wa msimu wa 2028 hawajaanza kujiandaa kwa Olimpiki ya Los Angeles.