Acheni Kuzima na Kuwasha Ruta

Wasee, leo nitaongea kwa ukali kidogo, na nitaanza na mimi mwenyewe.

Juzi nilitoka Kangemi, nikashuka tao mpaka Luthuli Avenue, nikanunua ruta mpya ya elfu tatu na mia tano. Ile ya zamani haikuwa imeharibika. Nilikuwa tu nimechoka. Kila jioni nikirudi keja na kuwasha ruta, ilikuwa ni bahati nasibu. Leo intaneti ipo, kesho haipo, na Wi-Fi inaonyesha mistari yote. Jirani wa mlango wa pili yuko sawa, mimi sina kitu. Nikizima na kuwasha, inarudi. Halafu yeye ndiye anagonga mlango: "Manze, kwako iko?"

Ruta mpya ilifanya kazi siku moja na nusu. Elfu tatu na mia tano zikaenda hivyo.

Sasa sikieni kilichoniuma zaidi ya hiyo pesa. Kuna dada wa ghorofa ya tatu aliyekuwa na intavyuu ya kazi ya mtandaoni, saa moja usiku. Amejiandaa, amevaa blauzi ya ofisi, amewaambia watoto wa jirani wanyamaze. Dakika tano kabla, stima ikapepesa. Ikapotea sekunde mbili, ikarudi. Ruta za ploti nzima zikawaka upya, na yake ikakosa intaneti. Akazima, akawasha. Akazima, akawasha. Alipofanikiwa kuingia kwa bando ya simu, waliomngoja walikuwa wameshaondoka. Msimamizi wa ploti akamwambia, "Pole, ni mtandao." Fundi alipopigiwa simu akasema, "Zima, uwashe."

Hapo ndipo niliposema imetosha.

Wacha niwaulize. Maji yakikatika kwako, unafanya nini? Unanunua mfereji mpya? La. Unatoka kwa korido unauliza, "Na kwako pia?" Kama ni ploti nzima, unaenda kuangalia tangi. Kama ni wewe peke yako, unaangalia koki yako. Stima ikipotea, unachungulia dirishani uone kama jirani ana taa kabla ya kulaumu tokeni. Hakuna aliyetufundisha hayo darasani, na kila mtoto wa mtaa anajua. Lakini intaneti ikipotea, watu wazima wenye digrii wanachomoa waya wa stima, wanahesabu mpaka kumi na wanaomba Mungu.

Kwa hivyo nilifanya kile ningefanya na maji. Nilianza karibu, nikaenda mbali. Ploti yetu iko kama ploti nyingi za upande huu, Kangemi, Uthiru, Kinoo: ruta moja kubwa kwa chumba cha msimamizi, kutoka hapo waya unaenda kwenye swichi iliyo kwa ngazi, na kutoka kwa swichi kila nyumba inavutiwa kebo yake. Wewe unachomeka ruta yako mwishoni. Nikafungua ukurasa wa mipangilio wa ruta yangu, nikaangalia anwani ya IP iliyopewa kutoka nje, na getiwei, yaani mlango wa kutokea. Siku nzuri, getiwei ilikuwa 192.168.100.1. Siku mbaya, ilikuwa 192.168.0.1.

Someni hizo namba tena. Ni milango miwili tofauti. Ploti yetu inafaa kuwa na mlango mmoja.

Shida ilikuwa hii. Ruta ikiwaka, inapiga kelele kwa waya: "Nani atanipa anwani?" Anayejibu anafaa kuwa ruta kubwa peke yake. Lakini kuna jirani alinunua ruta yake, na ile kebo ya ukutani badala ya kuichomeka kwenye tundu la WAN akaichomeka kwenye tundu la LAN. Hayo matundu yanafanana kabisa, tofauti ni rangi tu na maandishi madogo. Kuanzia hapo ruta yake ikaanza kugawa anwani kwa ploti nzima, na kwa kawaida anayejibu kwanza ndiye anayesikilizwa. Ukipewa anwani na ruta kubwa, unatoka. Ukipewa na ya jirani, unaelekezwa kwa mlango ambao nyuma yake ni ukuta.

Ndiyo maana zima-washa inaonekana kama dawa. Haitibu chochote. Unarusha tu shilingi upya. Na ndiyo maana ilikuwa jioni: huyo jirani anazima ruta yake asubuhi akienda job, kuokoa tokeni, anaiwasha akirudi. Sisi tukasema, "Jioni watu ni wengi, mtandao umelemewa." Na stima ikipepesa, ruta yake ndogo inaamka haraka kuliko ile kubwa, kwa hivyo inawahi kujibu. Yule dada hakuwa na bahati mbaya. Alikuwa kwa foleni ambayo mlinda lango wa uongo anafika kwanza.

Nimemlaumu jirani? Hapana. Yeye mwenyewe alikuwa anateseka, tena kuliko sisi. Lawama yangu iko kwa watu wawili.

Wa kwanza ni anayefunga hizi mitambo na kuondoka. Swichi yetu ya ngazini ina kebo kumi na mbili, zote rangi moja, hakuna hata moja iliyoandikwa namba ya nyumba. Ilibidi tuchomoe moja moja na msimamizi ameshika tochi, mtu mwingine juu anapiga kelele "Bado! Bado! Imerudi!" Kalamu ya kuandikia kebo ni pesa ya chapati na chai. Tena kuna swichi ambazo unaweza kuziamuru zikatae anwani zinazogawiwa kutoka kwa tundu lisiloaminika. Kuna pia kinga dhidi ya kitanzi, pale mtu anapochomeka ncha mbili za kebo moja kwenye swichi moja na pakiti zinaanza kuzunguka bila kikomo mpaka kila mtu anazama. Hesabu ya kuzuia hicho kitanzi ilitungwa na Radia Perlman mwaka 1985. Ni zaidi ya miaka arobaini! Sisi bado tunauziwa swichi ya bei ya chini isiyo nayo, halafu tunaambiwa "ni mtandao."

Wa pili ni sisi. Tunasema, "Mimi si fundi." Sawa, si lazima uwe fundi. Lakini unalipa kila mwezi, na swali "pakiti yangu inapita wapi?" si la mafundi peke yao. Hapa Nairobi kuna watu walilipigania. Zamani barua pepe kutoka ofisi moja hapa mjini kwenda ofisi ya mtaa wa pili ilikuwa inapanda satelaiti, inaenda ng'ambo, inarudi. Mwaka 2000 kampuni za intaneti zikafungua KIXP, mahali pa kubadilishana data hapa hapa nyumbani. Telkom Kenya ikalalamika, mdhibiti akaifunga. Waliobaki hawakukaa wakizima na kuwasha. Walibishana na serikali mpaka ikafunguliwa tena mwaka 2002. Sisi tunashindwa kuuliza kebo yetu ya mita ishirini inaishia wapi.

Najua kuna mtu atasema, "Lakini mara nyingine ni kampuni kweli." Ni kweli. Mwezi Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na Afrika Mashariki nzima ikahisi. Lakini shida ya aina hiyo haichagui ghorofa. Ikiwa jirani yako wa mlango wa pili, kwa swichi hiyo hiyo, anaangalia mpira bila shida na wewe huna hata WhatsApp, kebo ya baharini haina hatia.

Kwa hivyo jioni hii, kabla ya kugusa swichi ya ukutani, fanya mambo matatu. Uliza jirani. Angalia getiwei yako, uiandike mahali, siku nzuri na siku mbaya. Halafu pingi kwa mpangilio: kwanza ruta yako, halafu ile getiwei ya ploti, halafu 8.8.8.8. Mahali jibu linapokatika ndipo shida inapoanzia. Ikiwa zote zinajibu lakini zinaruka ruka, kagua kebo: imebanwa na mlango? Imekunjwa? Kichwa chake kinalegea? Ndani kuna nyaya nane, na moja tu ikilegea inatosha kukusumbua wiki nzima.

Halafu nendeni kwa mwenye ploti mkiwa wengi. Ombeni kebo ziandikwe namba, swichi yenye kinga, na karatasi moja ukutani inayoonyesha nini kinaenda wapi. Msiombe kwa upole sana. Kodi mnalipa kufikia tarehe tano.

Sisi tulihamisha kebo ya jirani kutoka tundu moja hadi lingine. Ilichukua sekunde nne. Yule dada ameomba kazi nyingine, na safari hii intavyuu ikifika, mimi ndiye nitakuwa nimekaa kwa ngazi nikilinda swichi.